Muziki kwenye kinga na kwenye jimu: tununue kamashini gani?

Mapema asubuhi, jua halijatoka, kinga ni nyingi kuliko mutuka kwenye njia za Kolwezi, Likasi na Kipushi. Huyu anaenda kuanza posti ya mchana, yule ametoka posti ya usiku, mwingine amefunga mifuko ya makala nyuma na anasukuma kwa mguu. Ukiangalia vizuri utaona waya unaotoka mfukoni na kupanda hadi masikioni. Na jioni waya uleule unaonekana kwenye jimu, ile sale ya kartiye ambamo vijana wanainua vyuma vilivyochomelewa na fundi.

Hatuandiki leo kupinga muziki. Muziki unasaidia mwili, na jambo hilo limechunguzwa. Costas Karageorghis, mwalimu wa Brunel University of London, amelifanyia kazi miaka mingi: mdundo unaofaa unapunguza uchovu ambao mtu anausikia, na mguu unaufuata wenyewe. Mtu aliyekwisha kupiga kilomita 10 na kinga, akibakiza kilomita 5 za mlima, anajua hayo bila kufundishwa.

Swali ni lingine: kwa feza kidogo tuliyo nayo, tununue nini? Telefone iko, kamashini kadogo ka MP3 kako, kaspika ka kufunga kwenye gido kako, ekuteri za waya na za bila waya ziko. Jibu letu tunalitoa mapema, kisha tutalieleza. Mtu wa mgodi asichague kwa macho, wala asichague kwa nguvu ya sauti. Achague kwa kuhesabu masikio yake yamebaki na nini baada ya kazi. Na ajue kwamba kitu kinachofaa kwenye jimu hakifai kwenye kinga.

Posho ya masikio

Wazee wetu wa Union Minière walipokea posho: unga, mafuta, samaki. Nyumba iliyokula posho yote siku za kwanza ilijua njaa kabla ya posho nyingine kufika. Masikio nayo iko na posho yake, na inagawiwa kila siku.

Nguvu ya sauti inapimwa kwa desibeli. NIOSH, ofisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, inaweka mpaka huu: desibeli 85 kwa saa 8. Ukipanda desibeli 3 tu, muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 91 ni saa 2. Desibeli 94 ni saa 1. Desibeli 97 ni dakika 30. Desibeli 100 ni dakika 15, halafu posho imekwisha.

Sasa, mashini ya kutoboa jiwe kwa upepo inapita desibeli 100 bila shida. Konkasere nayo haina huruma. Kama huna kifaa cha kupimia, tumia hiki: mwenzako akisimama umbali wa mkono mmoja na unalazimika kupaza sauti ndipo akusikie, hapo mko karibu na desibeli 85 au mmezipita.

Maana yake ni wazi. Mtu aliyefanya kazi bila vizibo vya masikio, au aliyevitia nusu nusu juu vinamwasha, anatoka posti akiwa amekula posho yote ya siku ile. Kisha anapanda kinga, anatia ekuteri, na juu masikio yamechoka anapandisha sauti hadi mwisho. Huko Ulaya wamewekea tumashini hutu kikomo cha desibeli 100. Hapa sokoni tunanunua hata tusiyo na kikomo. Basi ile dakika 30 ya kurudi nyumbani inakuwa kama kurudi tena mbele ya mashini ya kutoboa.

OMS, shirika la afya la dunia, linashauri mambo mawili rahisi kwa msikilizaji wa muziki. La kwanza: sauti isipite asilimia 60 ya nguvu ya kamashini. La pili: kwa wiki nzima mtu asipite saa 40 za desibeli 80. Hesabu hiyo ni ya mtu ambaye kazi yake haina kelele. Wetu anayetoka mgodini anapaswa kushuka chini zaidi.

Nyumba ndiyo inajua kwanza

Ndani kabisa ya sikio kuna vijinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa, havioti tena. Hakuna dawa ya kuvirudisha, hata hospitali kubwa ya Ulaya haina. Na vinavyokufa kwanza ni vile vya sauti nyembamba: sauti ya mtoto, sauti ya mama anayeita kutoka jikoni, kengele ya kinga, herufi kama s, f na sh. Ndiyo sababu mtu anasema, "Nasikia kwamba unasema, lakini sisikie unasema nini."

Mara nyingi mwenyewe hajui. Wanaojua ni wa nyumbani. Mama anaona kwamba baba anaulizwa mara tatu ndipo anajibu. Watoto wanaona kwamba televizyo inalia hadi kwa jirani. Wanadhani baba amekasirika, au amekuwa mwenye kiburi. Kumbe ni masikio. Mama, ukiona hivyo, usigombane naye. Mwambie aende kwa muganga wa kampani apimwe masikio, na kama ni mchimbaji wa kujitegemea, aende senta ya afya aulize wapi wanapima.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mtu anaweza kufanya bule. Jioni, ukimaliza kusikiliza, usiguse sauti. Zima kamashini na ukalale. Asubuhi, nyumba ikiwa kimya, washa tena kwa sauti ileile. Ukiona inakupigia kelele, inakuumiza, ujue kwamba jana jioni masikio yako yalikuwa yamechoka na wewe ulikuwa unayapiga juu ya uchovu. Kama masikio yanalia nzii usiku kucha baada ya kazi au baada ya jimu, hiyo ni onyo la pili. Usingoje la tatu.

Na tuseme hili pia kabla ya kwenda sokoni: ekuteri si kizibo cha masikio. Wako wanaozitia chini ya kaske wakidhani muziki unafunika kelele ya mashini. Haufuniki. Unaongezwa juu yake, na tena unamzuia mtu kusikia jiwe linalopasuka au mwenzake anayeita. Ndani ya mgodi, kamashini kabaki kwenye sanduku la nguo.

Telefone au kamashini?

Mwaka 1979 Sony ya Japani ilitoa Walkman ya kaseti, na watu wakaanza kutembea na muziki masikioni. Mwaka 2001 Apple ya Marekani ikatoa iPod, nyimbo elfu moja mfukoni. Mwaka 2022 Apple yenyewe ikaacha kuitengeneza, juu telefone ilikuwa imekula soko lote. Kwa hiyo kijana atasema, "Mimi niko na telefone, kamashini ka nini tena?"

Tunamjibu hivi. Telefone yako leo ndiyo benki yako. Iko na M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, iko na namba za shefu na za ndugu, iko na picha za watoto. Ukiitia mfukoni kwenye kinga na ikaanguka mbele ya kamyo, hujapoteza muziki tu, umepoteza na mlango wa feza yako. Kwenye jimu, jasho linaingia kwenye tundu la kuchajia, na chuma cha kilo 20 kikianguka juu ya kioo hakiombi ruhusa. Na mwizi wa jimu, anayejifanya kunyoosha mgongo, anatafuta telefone. Kamashini kadogo kenye kamba ya shingo hakamsumbui roho.

Jambo lingine ni batri. Batri ya telefone inaliwa na kioo na intaneti. Kamashini kasicho na kioo kikubwa kanaweza kucheza saa 10 na zaidi. SanDisk Clip Jam, kwa mfano, inaandikiwa saa 18. Kwa kartiye ambamo kura ya SNEL inakuja usiku wa manane na kuondoka kabla ya jogoo, tofauti hiyo ni kubwa. Telefone ibaki na nguvu ya kupokea simu ya nyumbani, muziki uwe na batri yake.

Telefone inafaa kwa nani? Kwa mtu anayefanya mazoezi nyumbani, uani, ameiweka juu ya kiti, mbali na jasho. Hapo hakuna haja ya kununua kitu kingine.

Sokoni: vitu sita vya kuangalia

Ukienda soko ya Kenya kule Lubumbashi, au kwa wauzaji wa barabarani wa Kolwezi, muuzaji atakuambia: "Baba, hii njo ya orijino, inalia mubaya sana!" Neno hilo la "inalia sana" lisikuvute. Sauti kubwa ni rahisi kutengeneza. Angalia haya.

Kwanza, vifungo. Kamashini kawe na vifungo vya kweli, vinavyosikika chini ya kidole. Fanya jaribio hapohapo mbele ya muuzaji: tia mkono mfukoni pamoja na kamashini, kisha badilisha wimbo, punguza sauti, simamisha, bila kuangalia. Ukishindwa sokoni ukiwa umesimama, kwenye njia utashindwa zaidi. Kioo cha kugusa kwa kidole chenye jasho au gozi la kazi hakisikii kitu, na mtu anayeangalia kioo haangalii njia.

Pili, kipini cha kubania. Kibane vizuri kwenye kola au kwenye kaptula. Kitikise. Kamashini kasicho na kipini kanaruka mfukoni, kanavuta waya, na waya unakatika pale unapoingia.

Tatu, tundu la waya. Ekuteri za bila waya ni nzuri kwa jimu, hazinasi kwenye chuma. Lakini nazo zinataka kuchajiwa, na moja ikianguka kwenye mtaro haionekani tena. Zaidi ya hayo, kwa mwenye kupenda radio ya FM, waya wa ekuteri ndio antene. Ukiutoa, radio inakuwa kelele tupu. Kama unataka kusikiliza habari za Radio Okapi kwa Kiswahili ukiwa njiani, waya ni lazima, isipokuwa kitu chenyewe kiwe na antene yake.

Nne, vumbi na maji. Kwenye sanduku utaona herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Herufi X ikikaa mahali pa tarakimu, maana yake kitu hicho hakikupimwa kwa jambo hilo. Kwa hiyo IPX4 inasema: kimepimwa kwa maji ya kurushiwa, jasho na manyunyu, lakini vumbi halikupimwa. IP54 inasema vyote viwili vimepimwa. Wa jimu atosheke na IPX4. Wa kinga, huku kwetu ambako kiangazi cha mwezi wa 5 hadi wa 9 kinafanya njia kuwa unga, atafute tarakimu ya vumbi, au anunue kafuko ka plastiki kenye kufunga.

Tano, karte ya memwari. Hapa ndipo watu wanaibiwa zaidi. Karte inaandikwa giga 64, kumbe ndani ni giga 8. Ukitia nyimbo zinaingia zote, majina yanaonekana, lakini ukifika kwa zile za mwisho kamashini kananyamaza. Kipimo: jaza karte hadi mwisho, kisha cheza nyimbo za kwanza, za katikati na za mwisho kabisa. Zikilia vizuri zote, karte inaonekana ni ya kweli. Patana na muuzaji kabla ya kulipa kwamba utairudisha ikishindwa. Na usinunue ukubwa usiouhitaji. Wimbo wa dakika 4 wa MP3 ya kawaida unakula kama mega 4. Giga 4 za kweli zinabeba nyimbo karibu 1,000. Nani atazimaliza kati ya nyumba na mgodi?

Sita, kukumbuka. Kizime katikati ya wimbo, kisha kiwashe. Kamashini kazuri kanaendelea pale kalipoacha. Kabaya kanaanza wimbo wa kwanza kila siku, na utauchukia wimbo huo kabla ya mwezi kwisha. Tumashini twa bei ya chini mara nyingi tunacheza nyimbo kwa mpango zilivyoingizwa. Mwambie kijana anayekutilia miziki kwenye ordinateri aziingize moja kwa moja, kwa mpango unaoutaka.

Kwenye jimu: ziba vizuri, punguza sauti

Jimu nyingi za kartiye ziko na bafle kubwa inayolia toka asubuhi. Vyuma vinagongana. Mtu anatia ekuteri zilizo wazi, kelele inaingia pembeni, naye anapandisha muziki juu ya muziki. Hapo ndipo posho inaliwa kwa dakika chache.

Kwa jimu, nunua ekuteri zenye mpira laini unaoingia ndani ya tundu la sikio. Sanduku zuri linakuja na mipira ya ukubwa tatu. Jaribu yote, na usishangae sikio la kuume likitaka mpira mmoja na la kushoto mwingine. Mpira ukikaa vizuri, kelele ya nje inashuka yenyewe, na muziki wa sauti ndogo unatosha. Mtu anayelalamika kwamba ekuteri zake hazina besi, mara nyingi hazina kosa. Ni mpira haukuziba.

Kwa sababu hiyo tunasema: gawa feza yako mara mbili. Nusu kwa kamashini, nusu kwa ekuteri. Watu wengi wanatia feza yote kwenye kamashini na kuchukua ekuteri za bule zilizo ndani ya sanduku. Hizo hazizibi, nazo ndizo zinawafanya wapandishe sauti. Kamashini ka kawaida na ekuteri nzuri ni salama kuliko kamashini ka bei kubwa na ekuteri mbaya.

Panga sauti nyumbani, mahali pa kimya, kwa kiasi ambacho bado unasikia mtu anayekuongelea. Hesabu imefika alama ngapi. Ukifika jimu usiipite alama hiyo. Pitisha waya chini ya shati ili usinaswe na chuma. Ukimaliza, panguza jasho kwa kitambaa kikavu, maana chumvi ya jasho inakula tundu la waya polepole.

Na muziki gani? Wale wanaochunguza wanataja mdundo wa mapigo 120 hadi 140 kwa dakika kwa mazoezi. Chukua saa, hesabu mapigo kwa sekunde 30: ukipata 60 hadi 70, wimbo unafaa. Sebene nyingi zetu utazikuta humo bila kutafuta mbali. Nyimbo za polepole weka mwanzo na mwisho. Gita la Mwenda Jean-Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, ni zuri sana kwa kupoza mwili baada ya kazi.

Kwenye kinga: masikio mawili yawe wazi

Hapa tunabadili shauri kabisa. Ile ekuteri nzuri ya jimu, inayoziba, ndiyo mbaya kuliko zote kwenye kinga. Inafanya kazi yake: inazima dunia.

Mwenye kinga hana kioo cha nyuma. Kioo chake ni masikio. Kwenye njia ya Likasi kwenda Kolwezi, na ile ya kushuka Kasumbalesa, kamyo zinabeba shaba na kobalti mchana na usiku. Kamyo ya trela haipiti mara moja. Kichwa kinapita mbali nawe, lakini kwenye kona magurudumu ya nyuma yanakuja karibu na ukingo. Mara nyingi ziko mbili zinazofuatana. Mtu mwenye masikio wazi anasikia ya pili kabla ya kurudi barabarani. Aliyeziba anaona moja imepita, anarudi, na hapo hakuna mtu wa kulaumiwa tena, kuna watoto wa kulea tu.

Ufaransa waliliona. Tangu tarehe 1/7/2015 ni marufuku kule kuendesha mutuka, moto au velo ukiwa na ekuteri sikioni, na faini ni euro 135. Tusingoje faini ndipo tufahamu.

Basi mwenye kinga akose muziki? Hapana. Anunue kaspika kadogo, kale kenye batri, tundu la karte, tundu la USB na radio. Tuko tele sokoni, na bei yake haipiti ya ekuteri nzuri. Akafunge kwenye gido kwa kipande cha mupira wa ndani wa kinga iliyokufa, azungushe mara tatu, hakataanguka. Akaelekeze kwake, si mbele. Sauti iwe ndogo: kipimo ni kwamba bado unasikia mlio wa gurudumu lako juu ya changarawe. Kama gurudumu halisikiki, kamyo nayo itachelewa kusikika. Tundu za karte na za kuchajia uzifunike na kipande kingine cha mupira juu ya vumbi. Mwezi wa 11 mvua zikianza, kafuko ka plastiki.

Kwa mtu ambaye hana budi kutumia ekuteri, kwa mfano kwenye kanjia ka miguu kasichopita mutuka, atie moja tu. Sisi tunaendesha upande wa kuume, mutuka inakupita upande wa kushoto. Kwa hiyo sikio la kushoto libaki wazi, ekuteri iingie la kuume. Akifika barabara kubwa, aitoe. Aangalie pia kwamba kamashini kanaweza kupeleka sauti zote mbili upande mmoja, la sivyo gita au mwimbaji atapotea, na mtu atapandisha sauti akimtafuta.

Ziko pia ekuteri zinazokaa juu ya mfupa wa shavu na kuacha tundu la sikio wazi. Kwa kinga ni kitu kizuri, kwa mwenye uwezo. Lakini tuseme ukweli wote: sauti ya kupitia mfupa inafika kwa vijinywele vilevile vya ndani. Zinakusaidia kusikia kamyo, hazikuongezei posho. Kwenye jimu yenye bafle hazifai, utazipandisha bure.

Batri: kobalti yetu inarudi nyumbani

Mwaka 1991 Sony ilianza kuuza batri ya litiamu, na ndani yake mlikuwa na kobalti. Hadi leo batri ndogo za telefone na za tumashini hutu mara nyingi ziko na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo. Kamashini unakonunua kwa Mchina au kwa Mlebanoni huenda kanabeba mchanga wa kwenu.

Tuitunze basi. Usichajie chini ya mto wala juu ya godoro. Usiache kwenye jua, juu ya bati au ndani ya mutuka iliyofungwa. Batri ikivimba, hata kidogo, acha kuitumia, usiitoboe kuona ndani, usiitupe motoni, na watoto wasiichezee. Inaweza kuwaka. Kwa wasio na kura, nunua kitu kinachochajiwa kwa waya wa USB wa kawaida, ule uleule wa telefone ya nyumbani. Pano ndogo ya jua au pawa banki inatosha. Kitu chenye waya wake wa peke yake, waya ukikatika kimekufa.

Kwa kumaliza

Mwenye feza ya kitu kimoja tu, na anayepanda kinga kila siku, aanze na kaspika ka gido. Kanafaa njiani, kanafaa jikoni kwa mama, na siku ya mpira jirani wote wanasikiliza. Mwenye jimu anunue kamashini ka vifungo, ka kubania, na ekuteri za mipira mitatu. Mwenye vyote viwili asivichanganye: cha jimu kibaki jimu.

Na kabla ya vyote hivyo kuna kifaa ambacho kampani inapaswa kukupa bule: vizibo vya masikio kazini. Ukivivaa vizuri saa zote za posti, unarudi nyumbani na posho iliyobaki. Hapo muziki wa sauti ndogo utausikia mzuri, na mtoto akikuita mara moja, utamjibu mara moja.